Kambo wa picha na kambo wa nyumba: kusoma tena L'Enfant noir tukiwa Lubumbashi

Wiki mbili zilizopita, mwenzetu mmoja aliweka picha ya mama yake mu grupu ya promosyo yetu. Mama amefunga mtoto ku mgongo na kitenge, mkono mmoja unashika mwiko wa bukari, mkono mwingine unamzuia mtoto wa pili asisogee ku mbabula. Chini ya picha mwenzetu akaandika kwamba kambo ni maktaba, kambo ni nguzo ya nyumba, kambo ni zawadi ya Mungu. Watu wakajaza mioyo na mikono ya kushukuru. Mimi pia niliweka moyo mmoja mwekundu.

Jioni nikamuonyesha mama yangu ile picha. Aliiangalia muda mrefu, akauliza kitu kimoja tu: "Uyu mama, nani anamupokeleaka mutoto, apumzike?"

Nilikosa jibu. Ninaandika leo juu ya ulizo lile, na juu ya kitabu ambacho karibu sisi wote tulikutana nacho ku masomo ya sekondari.

Kwanza neno lenyewe. Wale wanaotoka Tanzania wakisikia "kambo" wanafikiri mama wa kambo, yule asiyekuzaa lakini anakulea. Kwetu Lubumbashi kambo ni mzazi wa mzazi. Mbele nilikuwa naona ni kichekesho cha lugha tu. Siku hizi naona maana hizi mbili zimekutana mu nyumba zetu: mzazi wa mzazi amekuwa mama wa pili, na mara nyingi ni yeye mama wa kwanza.

Sasa kitabu. Camara Laye wa Guinea alichapisha L'Enfant noir mu 1953. Tulikisoma kwa vipande, kwa dictée na maswali ya kuelewa. Wengi wanakumbuka nyoka mweusi wa karakana ya baba, au baba akiyeyusha dhahabu. Mimi nilibaki na kambo wa Tindican. Mtoto anaishi mjini Kouroussa kwa wazazi wake. Saa fulani anaenda kijijini kwa mama ya mama yake. Mjomba mdogo anakuja kumchukua, wanatembea kwa miguu polepole, juu mtoto ana miguu mifupi. Kambo hangoji mu nyumba: anatoka kuwalaki njiani. Anamuita mtoto mume wake mdogo. Anamshika mashavu kuona kama mjini wanamlisha vizuri. Anamuogesha. Kisha mtoto anakula, anazunguka na wenzake, anaona mavuno ya mpunga, anarudi Kouroussa.

Ule mchezo wa kumuita mjukuu mume tunaujua. Kwetu pia kambo mwanamke anamuita mjukuu wake "bwana yangu", na kambo mwanaume anaambia kasichana ka miaka minne "bibi yangu, leo umenipikia nini?" Mtoto anacheka, wazazi wanacheka. Kati ya mzazi na mtoto kuna heshima na amri. Kati ya kambo na mjukuu kuna utani. Nani atasema Camara Laye alidanganya? Sehemu ile ni ya kweli hadi leo.

Lakini mu 1955 kijana mmoja wa Kameruni aliyejulikana baadaye kwa jina la Mongo Beti aliandika mu jarida Présence Africaine makala kali yenye kichwa "Afrique noire, littérature rose". Alishtaki vitabu vinavyoonyesha Afrika ya rangi ya waridi, yenye upole na sherehe, wakati ukoloni unakanyaga watu. Camara Laye alikuwa kati ya walioshtakiwa. Kwa Beti, mwandishi anayeacha nje ya kitabu yale yanayoumiza watu anawatengenezea wasomaji wa Paris Afrika wanayoipenda.

Tangu enzi zile walimu wanagawanyika: huyu na Laye, yule na Beti. Mimi napenda kuchukua lile shtaka na kuligeuza kwetu. Leo hakuna msomaji wa Paris anayetuomba picha ya kambo anayetabasamu. Ni sisi wenyewe, wenye diploma, tunaandika fasihi ya waridi ku simu zetu, na anayefaidika ni sisi.

Angalia hata neno "maktaba". Linatoka kwa Amadou Hampâté Bâ wa Mali. Mu 1960, ku UNESCO, alisema kwamba mu Afrika mzee akikufa ni sawa maktaba inaungua. Alikuwa anaomba watu waende kukusanya yale wazee wanayajua kabla hayajapotea. Alikuwa anasema juu ya hadithi, historia, majina ya miti na dawa. Hakuwa anasema juu ya kubadilisha mtoto pampers saa nane za usiku. Na mtu anayeita kambo maktaba anapaswa kuingia mu maktaba ile asome. Nani kati yetu ameketi saa nzima na mama yake kumuuliza maisha yake? Tunapita mlangoni, tunaweka mtoto, tunaenda.

Kuna uwongo mwingine wa waridi, na huu unaniuma zaidi juu niliuamini. Tunasema: "Ni mila yetu. Tangu mababu, kambo njo anakomalisha bana." Kwa familia nyingi za miji ya Katanga, hii si historia ya kweli.

Mama yangu alizaliwa mu kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, Likasi, wakati ingali inaitwa Jadotville. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ile ilichagua kumkalisha mfanyakazi mu kambi pamoja na bibi na watoto, ili asirudi kijijini kila mara. Ilijenga nyumba, maternite, shule, foyer ya kufundisha wamama kushona na kulea. Posho ilipimwa kwa mwanaume, bibi yake na watoto wao. Kambo hakuwa ku hesabu. Yeye alibaki kijijini. Watu wazima wa siku zile walisema "kazi njo baba, kazi njo mama", na usemi ule ulibaki hata kampuni ilipokuwa Gécamines.

Kwa hiyo mama yangu alilelewa na mama yake mzazi, mu nyumba ya kambi, karibu na dispanseri. Kambo wake alikuwa wa vakansi. Walipanda treni mpaka Bukama, na kambo alikuwa anangoja ku gare na ndizi mu kikapu. Mama anaelezea siku zile, uso wake unabadilika kabisa. Nilipomsomea ile sehemu ya Tindican, nikiitafsiri polepole, alinikatiza: "Ni kambo wangu uyu! Beko banasema juu ya kambo wangu!"

Njo pale nilielewa. Kambo wa Camara Laye ni kambo wa vakansi. Anaweza kutoka kulaki mjukuu njiani juu hakuwa na mjukuu yule tangu asubuhi. Anaweza kumuita mume wake na kumpa kila anachotaka juu Kouroussa kuna mama anayesimamia kula, adabu na usingizi. Tena kitabu kinafunguliwa na shairi kwa mama yake, si kwa kambo. Mwandishi alijua nani alibeba mzigo.

Basi kambo wetu wa kila siku alitoka wapi? Alitoka mu kuanguka kwa kazi. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mu 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka, mu 1991 miji ikaporwa, na kufika katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Halafu mu 2003 ikaja ile mnayoijua kwa jina la départs volontaires: zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitoka na kiasi kidogo cha pesa mkononi. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alinunua mashini ya kusaga mahindi. Ilikufa mbele yake, na yeye akaifuata baada ya miaka michache.

Ile "baba na mama" iliyokuwa kampuni ilikufa, na mtu alipaswa kuchukua nafasi yake. Wamama wakaingia sokoni kuuza unga, makala, mikate. Vijana wakaenda kuchimba, wengine wakavuka Zambia, wengine wakaenda Kinshasa. Watoto wakabaki. Waliwekwa ku mlango wa yule asiyeweza kukimbia: kambo. Sisi tuliokua mu miaka ile tumezoea, tukafikiri ni mila ya mababu. Ni mila yenye miaka 30.

Na haijaisha sasa kazi imerudi. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka pande za Kolwezi. Yaya yangu, aliyesoma kemia, alipata kazi kule ku laboratware ya sous-traitant mmoja. Wiki tatu kazini, wiki moja nyumbani. Lubumbashi na Kolwezi ni karibu kilometa 300. Bwana yake yuko mu kampuni nyingine, na siku zao za kupumzika hazikutani. Watoto wao wawili, mkubwa ana miaka sita, mdogo mitatu, wako kwa mama, mu komini ya Kenya. Mama ana miaka 67.

Mkubwa anaenda shule ya primeri ya serikali, bure tangu 2019. Maternelle haimo mu ile bure, kwa hiyo mdogo anashinda na kambo. Siku moja nilichukua karatasi nikaandika siku ya mama. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuchota maji kabla bomba haijakauka. Mtoto wa mwisho analala saa tatu za usiku. Ni masaa 16, hatujahesabu usiku. Yaya anatuma dola 150 kwa mwezi kwa simu. Unga, makala, sabuni, daftari, dawa ya mafua, vinakula zote. Ku hesabu yote ile sikuona hata franga moja yenye jina la mama. Tunasema "tunamtumia mama pesa". Ni uwongo. Tunatumia watoto pesa, mama anazigawanya tu.

Na pamoja na pesa tunatuma amri. Yaya anatuma vokali: asipewe sukari, asiangalie televizyo, asipigwe, asilishwe ile dawa ya mizizi, asomewe kitabu kwa Kifaransa kila jioni. Mengine ni ya haki kabisa, sitetei fimbo wala mizizi isiyojulikana kipimo. Lakini sikiliza sauti. Ni sauti ya mkubwa wa kazi kwa mfanyakazi, tena mfanyakazi asiye na mshahara wala konje. Mtoto akipata alama nzuri, tunaweka picha ya mtoto na wazazi wake. Akikohoa, tunauliza kambo alifanya nini.

Na ile tena mbaya zaidi, mnaijua. Mtoto akigonjwa mara mbili, mara tatu, jirani au mchungaji anaanza kusema maneno ya pembeni juu ya yule mzee mwanamke anayeishi peke yake na watoto. Wale wanaosema maktaba asubuhi wanasema ndoki jioni. Mtu ambaye tulimkweza sana hadi hatumuoni tena kama mtu, ni rahisi kumshusha hadi tusimuone kama mtu. Kwetu haikufika pale. Lakini majirani wawili, mu barabara yetu, wameondolewa wajukuu usiku mmoja, bila kuambiwa sababu.

Serikali nayo haiko na macho. Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 40, inasema kulea na kufundisha watoto ni haki na wajibu wa wazazi, na msaada wa serikali. Ibara ya 49 inasema mzee ana haki ya hatua za pekee za kumlinda. Mbili zile ukizisoma pamoja utaona tundu katikati: mzee ambaye analea hayumo. Ku ibara moja yeye si mzazi, ku nyingine ni mtu wa kulindwa, si mtu anayefanya kazi.

Najua mtanijibu. Wa kwanza atasema: "Mama yangu anapenda. Ukimtolea bajukulu atakufa na huzuni." Inawezekana. Mama yangu pia anawapenda wale watoto kuliko alivyotupenda sisi, anasema hivyo wazi. Mdogo anaongea Kiluba juu yake. Mimi mwenye lisansi sikijui. Wa pili atasema kumlipa mama ni kumtukana, sisi si Wazungu. Huyu nitamuuliza: tulipokuwa tunapeleka mbuzi na vitenge kwa wakwe, tulikuwa tunanunua mtu? Kwetu kitu kinachotolewa kwa heshima si matusi. Matusi ni kutotoa kitu na kuita kule kutotoa "mila".

Mi sisemi watoto waondolewe kwa kambo. Sina krèche ya kuwapeleka, na nyinyi hamna. Nasema tuache kupaka rangi ya waridi.

Mwezi wa nne mama alianguka jikoni. Tension. Daktari alisema apumzike wiki mbili. Sisi watoto wanne tulifanya mkutano ku WhatsApp na tukazungumza dakika 40 nani atachukua watoto. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli. Mimi nilisema niko naandika memware. Hakuna aliyemuuliza mama kitu, na alikuwa ameketi pale pembeni yangu, simu iko mu sauti kubwa, anasikia yote.

Alipochoka kusikiliza akasema: "Bana bangu, mi siko nakatala. Lakini muniambie: mimi nitakuwa kambo lini? Juu saa hii niko mama tena. Niliisha kuwa mama. Nataka nikuwe kambo."

Simu ilinyamaza. Yaya alilia kule Kolwezi.

Maneno yale yalinirudisha mu kitabu, na hapa ninaachana kidogo na Mongo Beti. Alikuwa na haki: Camara Laye aliacha mengi nje. Ila picha ya Tindican inatuonyesha pia kitu tulichopoteza, na inatuonyesha kinahitaji nini. Mtu anaweza kuwa kambo pale tu ambapo mwingine anafanya kazi ya mama na ya baba. Upole ule una msingi wake. Ukitoa msingi, unabaki na mwanamke aliyechoka ambaye watoto wanamuita kambo. Kwa hiyo kitabu kile, mbele yangu, kilitoka mu vitabu vya kumbukumbu tamu kikaingia mu vitabu vya kudai.

Tulifanya nini? Vitu vidogo, sitajisifu. Yaya anatuma dola 150 za watoto, na sisi wengine watatu tunakusanya 60 za mama, peke yake, na hakuna anayemuuliza amezifanyia nini. Mwezi wa kwanza alinunua viatu, wa pili hatujui, na ni vizuri hatujui. Siku ya Jumamosi mimi njo nachota maji, napika, naogesha watoto, memware inangoja. Vokali za amri zimekatazwa. Mtu mwenye neno juu ya malezi anapiga simu, anamsalimia mama kwanza, anauliza, halafu wanapatana. Na yaya ameomba abadilishiwe zamu ili siku zake zikutane na za bwana yake. Bado hawajamjibu.

Jumamosi iliyopita mama alivaa vile viatu akaenda kwa rafiki yake Katuba tangu saa nne. Niliunguza sombe. Mdogo alilia karibu saa nzima, mkubwa akaniambia sijui kufunga kitenge, na alikuwa na haki. Saa kumi na mbili mtoto mdogo alisikia mlango wa lupango. Akakimbia.

Mama aliweka kikapu chini, akafungua mikono: "Bwana yangu! Banakulisha kweli? Leta mashavu nione."

Nilikuwa nasimama ku mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza namuona akitoka mbali kuja kwao.

Wenzangu, wekeni picha za mama zetu, hakuna ubaya. Lakini kabla ya kuandika maneno chini yake, muulizeni ile ambayo mama yangu aliuliza: nani anamupokeleaka mutoto, apumzike? Kama jibu ni "hakuna mtu", basi mnajua la kufanya Jumamosi hii.